Nani Analipa? Ndugu wa Elric na sheria ya nipe nikupe

Maji lita 35. Kaboni kilo 20. Amonia lita 4. Chokaa kilo moja na nusu. Fosforasi gramu 800, chumvi gramu 250, na kuendelea kushuka hadi chuma gramu 5 na vitu vingine vya kupima kwa ncha ya kisu. Hiyo ndiyo hesabu ya mwili wa mtu mzima mmoja kama anavyoitaja Edward Elric mwanzoni mwa manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya Fullmetal Alchemist, na anaongeza kwamba vyote hivyo mtoto anaweza kuvinunua sokoni kwa pesa zake za mfukoni. Edward anaijua orodha hiyo kwa moyo. Alipokuwa na miaka 11, na mdogo wake Alphonse miaka 10, waliikusanya, wakaiweka katikati ya duara la alkemia, wakadondoshea matone ya damu yao, kisha wakajaribu kumrudisha mama yao aliyekuwa amefariki.

Hakurudi. Kilichotokea ndani ya duara hakikuwa na sura ya mtu, na hakikudumu. Edward alipoteza mguu wa kushoto. Alphonse alipoteza mwili wote. Huku damu ikimvuja, kaka mtu akatoa na mkono wake wa kulia ili aivute roho ya mdogo wake na kuifunga kwenye deraya kuukuu lililokuwa limesimama pembeni mwa chumba. Tangu usiku ule Alphonse anaishi ndani ya chuma kitupu: haonji, hanusi, hapati usingizi. Edward anatembea kwa mguu na mkono wa chuma aliotengenezewa na majirani zao, bibi Pinako na mjukuu wake Winry. Akiwa na miaka 12 anafaulu mtihani wa wanaalkemia wa serikali, anakuwa mdogo kuliko wote waliowahi kufaulu, na ndugu hao wanaichoma nyumba yao wenyewe ili pasiwe na pa kurudi. Kisha wanashika njia.

Manga hii iliandikwa na kuchorwa na Hiromu Arakawa, ikatoka kila mwezi katika jarida la Monthly Shonen Gangan kuanzia 2001 hadi 2010, ikamalizika ikiwa na sura 108 katika juzuu 27. Sentensi zake za kwanza kabisa zinasema kwamba somo lisilo na maumivu halina maana, kwa kuwa huwezi kupata kitu bila kutoa kitu. Watu wengi wanazikumbuka. Wengi pia, kwa maoni yangu, wanazielewa nusu, na ile nusu inayobaki ndiyo hadithi yenyewe. Nitaieleza hapa, na siwezi kuieleza bila kugusa mwisho wake. Ambaye hajasoma na angependa kuukuta mwenyewe, basi aanzie kwenye manga.

Tuanze na sheria. Katika dunia ya akina Elric, alkemia si uchawi. Ni elimu yenye hatua tatu: kukielewa kitu kimeundwa na nini, kukibomoa, na kukijenga upya kwa umbo jingine. Redio iliyovunjika inaweza kurudi nzima kwa sababu vipande vyake vyote vipo. Ukuta unaweza kuinuka kutoka ardhini, lakini ardhi ile itabaki na shimo. Hakitoki kitu mahali pasipo na kitu. Kilo moja huzaa kilo moja, na maji hayawi dhahabu kwa kuombewa. Kanuni hii wanaiita kubadilishana sawa kwa sawa. Mimi nitaiita nipe nikupe, maana ndivyo tunavyoisema sokoni.

Kwa mawe na vyuma, kanuni hii haina ubishi. Ugomvi wa wasomaji huanza inapovuka na kuingia kwa watu. Wapo wanaosema manga nzima ni ushahidi kwamba sheria ni ya kweli hata maishani: jitahidi, utalipwa. Wapo wanaosema manga nzima ni ushahidi kwamba sheria ni ya uongo: watu wema wanakufa bila kosa, wengine wanalipa na hawapati chochote. Mkanganyiko huu umezidishwa na jambo moja ambalo mtazamaji mpya huenda hajaambiwa. Kuna anime mbili, yaani katuni za televisheni zilizotokana na manga hii. Ile ya 2003, yenye vipindi 51, ilitengenezwa wakati manga bado inaandikwa. Ikaipita, ikajitungia njia na mwisho wake, na mwisho huo kwa kweli unaikana sheria. Ile ya 2009, yenye vipindi 64, ndiyo inayofuata manga. Kwa hiyo mkikuta watu wawili wanabishana kuhusu "ujumbe" wa Fullmetal Alchemist, waulizeni kwanza walitazama ipi. Hapa nazungumzia manga.

Nayo manga, nijuavyo mimi, haisemi sheria ni kweli wala haisemi ni uongo. Inauliza swali ambalo sheria yenyewe imelinyamazia. Sheria inasema ili kitu kipatikane lazima kitu kitolewe. Haisemi nani akitoe. Katika kila mji ambao treni inawashusha wale vijana, wanakutana na bei iliyokwisha kulipwa, na karibu kila mara aliyelipa si yule aliyepata.

Kabla hata ya safari walikuwa wamefundishwa hilo na mtu aliyejua kufundisha. Mwalimu wao, Izumi Curtis, mke wa muuza nyama wa mji wa Dublith, hakuanza na vitabu. Aliwapeleka kwenye kisiwa kilicho katikati ya ziwa, akawaachia kisu kimoja, akawakataza kutumia alkemia, na kuwapa fumbo la kwenda nalo: moja ni yote, na yote ni moja. Mwezi mmoja. Watoto wale walipomkamata sungura wakashindwa kumchinja, mbweha akamnyakua na kwenda kulisha wanawe. Walikula walichopata. Edward akiwa amelala chini, tumbo likiwa halina kitu, alitafuna sisimizi mdomoni, akawaza kwamba akifia pale, sisimizi hawahawa watamla yeye, na majani yataota, na sungura atakula majani, na mbweha atamla sungura, na dunia itaendelea kama kawaida bila Edward. Walipochukuliwa mwisho wa mwezi wakatoa jibu: yote ni dunia, moja ni mimi. Mwalimu akacheka kwa furaha, akawakubali.

Arakawa hakuyatoa haya maktabani. Alizaliwa 1973 katika familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa Hokkaido, kaskazini mwa Japani, akafanya kazi shambani kwao miaka saba baada ya shule kabla ya kwenda Tokyo kutafuta riziki kwa kuchora. Ameeleza kwamba kwao kulikuwa na kanuni moja: asiyefanya kazi asile. Mtu aliyelelewa zizini anajua kwamba maziwa yaliyo mezani yametoka kwa mama ambaye ndama wake ameachishwa, na kwamba ndama dume haishi sana. Hajifichii bei ya chakula chake. Ndiyo maana katika manga yake kula si pambo. Watu wanakula sana, na wanapokula anataka ukumbuke.

Sasa, watoto waliofundishwa hivyo kisiwani ndio haohao waliochora duara la kumrudisha mama. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini hawa walikuwa wamefunzwa na mama, na mwalimu juu yake. Walilielewa fumbo kama wanafunzi hodari wanavyoelewa: kwa kichwa. Waliamini kwamba kama sheria ni nipe nikupe, basi kila kitu kina bei, na kama kila kitu kina bei, basi kilichobaki ni kuitafuta. Ile orodha ya sokoni ilikuwa bei waliyodhani wameipata.

Kituo cha kwanza tunachokiona ni Liore, mji wa jangwani ambako padri Cornello anawaahidi watu kwamba Mungu atawafufulia wapendwa wao. Anafanya miujiza kwa Jiwe la Mwanafalsafa, lile ambalo inasemekana linaweza kuruka sheria ya nipe nikupe, na ndilo ndugu hawa wanalolitafuta. Jiwe lake ni la bandia. Edward anamuumbua mbele ya mji mzima, na kwa msomaji mpya huo ni ushindi. Lakini Rose, binti aliyekuwa akisubiri mchumba wake afufuke, anamuuliza sasa aishi kwa kutumaini nini. Edward anamwambia asimame atembee, ana miguu mizima. Maneno makali, na anayesema ana mguu wa chuma. Kisha wanapanda treni.

Wanapoondoka, Liore inalipuka. Wenye mipango yao wanautumia uongo uliofichuliwa kuchochea machafuko, na watu wanakufa. Vijana hawakuyataka hayo wala hawakuyajua. Walikuja kutafuta chao, wakasema kweli, wakaondoka; bei ikaletwa mlangoni kwa wengine. Baadaye sana katika manga, Alphonse anarudi pale na kumkuta Rose akiwapikia watu wanaoujenga mji upya. Ametembea kweli, kwa miguu yake, wala hakuna aliyemlipia hatua hizo. Napenda kwamba Arakawa hakumwacha Rose awe somo la mtu mwingine tu.

Sasa Tucker. Hapa sitapita haraka, maana mwandishi mwenyewe hakupita haraka.

Shou Tucker ni mwanaalkemia wa serikali anayechanganya wanyama. Alipata cheo baada ya kuonyesha kiumbe aliyeweza kusema lugha ya watu; kiumbe huyo alisema kitu kimoja tu, kwamba anataka kufa, na akakataa chakula hadi akafa. Miaka miwili baadaye ndugu wa Elric wanakwenda nyumbani kwake kusoma vitabu vyake. Kuna binti yake mdogo Nina, kuna mbwa mkubwa Alexander, na kuna mama ambaye inasemwa aliondoka kwenda kwao. Wanacheza na mtoto siku nzima badala ya kusoma. Tucker ana wasiwasi: tathmini ya kila mwaka inakaribia, na asipotoa kazi mpya atapoteza mshahara na cheo. Siku iliyofuata anawaonyesha kiumbe mwingine anayeongea. Kiumbe anamtazama Edward na kumwita kaka, kama Nina alivyokuwa akimwita. Edward anauliza maswali mawili, taratibu: ulipata cheo lini, na mkeo aliondoka lini. Halafu anauliza Nina na Alexander wako wapi.

Mara ya kwanza niliposoma ukurasa ule niliufunga na sikuurudia hadi kesho yake. Sidhani niko peke yangu. Lakini kinachoumiza zaidi ni kile Tucker anachosema akiwa ananing'inia mikononi mwa Edward anayempiga. Anasema wewe na mimi ni sawa. Ulikuwa na uwezo mbele yako ukajaribu, hata ukijua ni mwiko. Na kwa kipimo cha sheria peke yake, Tucker hana kosa la hesabu. Alitaka kitu, akatoa kitu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, angeweza kusema hivyo bila kutetereka. Ila aliyeinamishwa ni mtoto wa miaka minne.

Kwa hiyo Edward anapiga zaidi, maana amesikia ukweli ndani yake. Tofauti kati yake na Tucker ipo, lakini haiko pale anapotaka iwe. Haiko kwenye nia njema, kwa kuwa Tucker naye angeweza kusema alikuwa akitafuta riziki ya nyumba. Iko kwenye mkono uliokatika. Bei ilipokuja usiku ule wa duara, Edward alitoa cha kwake. Hakulijua hilo kwa maneno. Itamchukua safari nzima kulijua.

Kuanzia hapo manga inabana. Wanampata daktari Marcoh, aliyewahi kufanya utafiti wa Jiwe, naye anawaelekeza kwenye maandishi yake maktabani. Maktaba imechomwa moto. Mfanyakazi wake wa zamani, Sheska, ambaye hasahau alichokisoma, anawaandikia upya yote kwa kumbukumbu. Ni kitabu cha mapishi. Mapishi 1,000. Vijana wanakaa siku nyingi wakifumbua mafumbo yaliyofichwa kwenye mboga na sosi, hadi wanaufikia mstari unaotaja kiungo cha Jiwe la Mwanafalsafa: watu walio hai. Wengi.

Ndiyo kusema, lile Jiwe lililosifiwa kwamba linaivunja sheria haliivunji hata kidogo. Linaifuata hadi senti ya mwisho. Mwenye jiwe anaonekana hatoi kitu kwa sababu wengine walikwisha kutolewa kabla hajafika. Huu ndio uzi ambao ukiushika, manga yote inafumuka mikononi mwako. Hakuna "bure" katika dunia ile. Kuna tu waliolipa usiowaona.

Wakati huohuo Maes Hughes, afisa mcheshi anayewaonyesha watu wote picha za binti yake, anafuatilia siri ambayo ndugu hao wameifukua. Anauawa kwenye kibanda cha simu na kiumbe aliyevaa sura ya mkewe. Edward na Alphonse wako kwenye treni kuelekea kusini, wanacheka, wanakula, wanapanga watakachomwambia Hughes wakirudi. Kurasa nyingi zinapita kabla hawajajua. Anapojua, Edward anakwenda kwa mjane kukiri kwamba ni wao waliomwingiza. Mjane hawasamehi kwa kuwaambia hawana kosa. Anawaambia wasiache, wakiacha mumewe atakuwa amekufa bure. Ni mzigo mzito kuliko laana.

Na kuna Ishval. Hapa manga inaacha kuwa habari ya vijana wawili na kuwa habari ya nchi. Miaka kabla ya safari, askari wa Amestris, nchi ya akina Elric, alimpiga risasi mtoto wa Kiishval, ikazuka vita ya miaka saba, na ikamalizwa kwa amri ya kuwaua wote, iliyotekelezwa na wanaalkemia wa serikali. Haohao ambao Edward amejiunga nao ili apate fedha za utafiti, kibali cha kuingia maktaba na saa ya fedha mfukoni, alama ya cheo chao. Nani alilipia saa ile? Arakawa alizungumza na watu walioishi vita kabla ya kuchora sura hizo, na amezaliwa kwenye kisiwa ambacho walowezi waliwanyang'anya Waainu, wenyeji wake wa asili. Ameeleza kwamba wazee wake mwenyewe walikuwa miongoni mwa walowezi. Anapochora watu wenye ngozi nyeusi na macho mekundu wakiishi kambini pembezoni mwa nchi iliyowamaliza, hachori kitu cha mbali naye.

Muishval mmoja aliyenusurika, anayeitwa Scar kwa kovu lake usoni, anawawinda wanaalkemia mmojammoja. Ni kisasi, nacho ni nipe nikupe ya namna yake. Lakini siku alipozinduka hospitalini katikati ya vita, akiwa hajitambui kwa uchungu, aliwaua madaktari wawili waliokuwa wamemtibu, na wale walikuwa wazazi wa Winry. Kwa hiyo inafika siku Winry amemshikia bastola muuaji wa wazazi wake, mikono inatetemeka, na hesabu iko wazi: damu kwa damu. Edward anajiweka katikati. Anamkumbusha kwamba mikono yake ndiyo iliyozalisha mtoto Rush Valley, ndiyo iliyompa yeye mkono na mguu. Ni mikono ya kuhuisha.

Tukio hilo la Rush Valley watu wengi hulipita kama kituo cha kupumzikia, nami nadhani ni la msingi. Mvua kubwa, daraja limekatika, mama amepata uchungu, daktari hawezi kufika. Wanaume wote waliomo ndani, wakiwemo wanaalkemia wawili mahiri, hawana wanachoweza kufanya zaidi ya kuchemsha maji na kuogopa. Winry, ambaye amesoma vitabu vya udaktari vya wazazi wake, anaongoza. Mtoto analia. Edward, aliyewahi kuamini kwamba mtu ni maji lita 35 na chokaa kilo moja na nusu, anashindwa kuzuia mshangao wake. Mama amemleta mtu duniani bila duara. Ametoa uchungu na damu, ni kweli, lakini hakuna mizani inayoweza kuweka uchungu ule upande mmoja na mtoto yule upande wa pili ikasimama sawa. Kilichopatikana ni kikubwa kuliko kilichotolewa. Sheria haina safu ya kuandikia hilo.

Baadaye Winry atamfunga Scar kidonda. Atasema waziwazi kwamba hajamsamehe. Anakifunga tu, kwa sababu wazazi wake wangekifunga. Deni lile hakulidai, na mnyororo ukakatikia mikononi mwake.

Edward naye anarudi kijijini Resembool na kufanya jambo ambalo angelifanya mapema kama angekuwa na ujasiri: anafukua kaburi la kile walichokiumba. Bibi Pinako anasaidia. Mvua inanyesha, kijana anatapika, anaendelea kuchimba. Mifupa si ya mama yake. Nywele si rangi yake. Tangu mwanzo haikuwa yeye. Hawakumuua mama mara ya pili, kama alivyokuwa akijiambia kila usiku. Na papo hapo kuna upande wa pili wa habari ile: aliyekufa hakuwa na bei yoyote, ya juu wala ya chini. Walikuwa wamekwenda dukani kununua kitu kisichouzwa.

Ni lazima niwe mkweli mahali pamoja, kwa kuwa wasomaji wakali huliuliza. Je, Edward hakutumia kamwe Jiwe? Alitumia. Akiwa amenaswa ndani ya tumbo la kiumbe lisilo na mlango, alitumia roho zilizokwisha kugeuzwa jiwe ili kufungua njia ya kutoka, akazitaka radhi, akijua hazina tena mwili wa kurudia. Kitendo hicho hakimwachi msafi, na manga haidai ni safi. Lakini itazame mara nyingine: huko kaskazini, nondo ya chuma ikiwa imempenya tumboni na hakuna daktari, anahitaji nguvu ya jiwe ili apone. Safari hii anajiambia kwamba yeye mwenyewe ni jiwe, roho moja, na anaitumia roho yake mwenyewe kama malipo, huenda akapunguza miaka yake ya kuishi. Kati ya vitendo hivyo viwili unaona kijana anavyokua. Hakupewa hotuba. Alipewa jeraha, na safari hii alijua mkono uende mfuko gani.

Baba yao, Hohenheim, aliyeondoka wakiwa wadogo na ambaye Edward hawezi kumsamehe, ni kioo cha jambo hilohilo. Mwilini mwake zimo roho 536,329 za watu wa nchi iliyoangamizwa, Xerxes, ambayo yeye alikuwa mtumwa wake. Adui mkuu wa hadithi ana roho nyingi kama hizo na kwake ni nishati tu. Hohenheim, katika miaka yake mirefu, alizungumza na kila moja. Kila moja. Alijua majina yao. Anapozitumia mwishoni, zinakwenda zikijua ziendako. Nguvu yake na ya adui ni ileile, na tofauti ni kama uliwahi kuwauliza waliolipa.

Kisha mwisho. Katika pigano la mwisho Alphonse, bila kumuuliza kaka yake, anaitoa roho yake ili Edward arudishiwe mkono wake wa kulia. Mkono unarudi, wa nyama, mwembamba kwa kutotumika. Pigano linakwisha. Deraya liko chini, tupu, na sasa Edward anahitaji kitu cha kumrudisha mdogo wake. Wote waliomzunguka wanamtazama. Ling, mwana wa mfalme wa Xing, anamnyooshea Jiwe la Mwanafalsafa lililobaki. Anakataa, yeye na Alphonse walikwisha kuahidiana wasilitumie. Hohenheim anasema nitumie mimi, maisha yangu, ni wajibu wangu kama baba. Edward anamfokea kwa machozi kwamba hawezi kufanya hivyo, na katikati ya kufoka anamwita baba, jambo ambalo mzee huyo hakuwa amelisikia.

Malipo mawili yako mezani, yote ya wengine. Anaweka pembeni yote mawili.

Anachora duara mara ya mwisho na kuingia mbele ya lango lake, pale anapokaa yule anayejiita Ukweli, aliyemchukua mguu miaka ile. Anatoa lango lenyewe: alkemia yake yote, kipaji kilichomfanya awe Edward Elric. Ukweli unamuuliza kama yuko radhi kuwa mtu wa kawaida. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Anasema hajawahi kuwa zaidi ya hapo. Ni mtu wa kawaida ambaye hakuweza hata kumwokoa binti mdogo aliyegeuzwa kuwa mnyama. Nina. Sura mia moja zimepita, miji na vita na wafalme, na anayemtaja mbele ya mlango wa mwisho ni yule mtoto. Na kuhusu alkemia, anasema hata bila hiyo anao wenzake.

Ukweli unacheka na kumwambia amejibu sawa. Alphonse anarudi: ngozi na mifupa, nywele ndefu, anatembea kwa fimbo. Mguu wa kushoto wa kaka yake unabaki chuma.

Miaka miwili baadaye, walipopona, wakagawana njia: Alphonse mashariki kuelekea Xing, Edward magharibi. Wanasafiri tena kwa sababu, anasema Alphonse, kuna binti hawakuweza kumwokoa na hawataki kumsahau. Na wana sheria mpya wanayoijaribu. Ukipewa kumi, usirudishe kumi. Weka moja juu, ya kwako, umpe anayefuata kumi na moja. Ukiitazama vizuri, sheria ya zamani bado imo ndani yake. Kumi bado inarudi. Ile moja ndiyo isiyotoka kwa mtu mwingine.

Kwenye kituo cha treni cha Resembool, Edward, aliyepambana na viumbe wasiokufa, anashindwa kusema kitu kwa Winry. Anageuka, uso mwekundu, na kinachomtoka ni lugha pekee aliyoizoea. Nipe nikupe, anapaza sauti: nitakupa nusu ya maisha yangu, nawe nipe nusu ya maisha yako. Winry anamshangaa, anamwambia mambo gani hayo ya nusu, atampa yote. Halafu anaona aibu, anaanza kupunguza. Asilimia 90. Labda 80. Basi, 85 je? Edward anaangua kicheko, anamwambia ameipindua sheria nzima bila hata kutoa jasho. Treni inapiga honi. Anapanda, mguu mmoja ukigonga chuma kwa chuma kwenye ngazi.